Mpaka Nao ni Mlango

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, jioni moja baada ya sala ya Isha, katika msikiti ninapodarsisha hapa Kariakoo, kijana mmoja muuza nguo wa Mtaa wa Congo alikuja akaketi mbele yangu. Alikuwa na safari ya Mombasa kwa gari, yeye na mkewe na watoto, kwenda harusini. Akaniambia: "Shikamoo, Shekhe. Nina swali dogo. Pasi ya kusafiria ya mke wangu imekwisha muda, na harusi ni wiki ijayo. Watu wananiambia nisihangaike, pale mpakani zipo njia za pembeni. Je, kuna dhambi gani? Mpaka wenyewe waliuchora Wazungu, na watu wa kule ni ndugu zetu."

Niliinama kitambo. Jawabu nilikuwa nalo, lakini ni jawabu linaloniuma. Nikamwambia anipe siku mbili. Na kwa kuwa najua swali lake limo katika nyumba nyingi za mwambao huu, nimeona niliandike jawabu hapa, ulisome nawe na watu wa nyumbani kwako.

Kwanza tumpe haki yake, kwani hakusema uongo. Mpaka ule Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1886, nao wakiwa kwao Ulaya, wakapitisha mstari kuanzia pale Mto Umba unapoingia baharini mpaka Ziwa la Viktoria. Mtu wa Vanga akajikuta upande mmoja na jamaa yake wa Jasini upande wa pili. Hawakuulizwa. Hayo ni kweli, na aliye na uchungu nayo hatumlaumu.

Lakini lipo kosa katika kudhani kwamba desturi ya mgeni kuomba idhini ililetwa na Mzungu. Ibn Battuta alipofika pwani yetu mwaka 1331, kabla hajafika Mombasa na Kilwa alitua Mogadishu. Naye ameeleza kwamba jahazi likifika pale, mashua ya Sultani huliendea kuuliza linatoka wapi, mwenyewe ni nani, nahodha ni nani, limepakia nini, na nani wamo ndani yake. Na akiwa mgeni ni mwanachuoni, desturi yao ni kwamba hapumziki mahali mpaka amwone Sultani kwanza. Basi tazama, msomaji: wenyeji Waislamu, mgeni Mwislamu tena mwanachuoni, na bado kuna kuulizwa na kuna kungoja. Huo ulikuwa ustaarabu wa pwani hii karne nyingi kabla ya mihuri ya leo.

Na asili yake iko juu zaidi ya hapo. Katika Sura ya An-Nur tumefunzwa kwamba tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tupate ruhusa na tuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwani huko kurudi ndiko kutakatifu zaidi kwetu. Mtume (S.A.W.) akatufunza kwamba kubisha hodi ni mara tatu, na usipojibiwa, uondoke. Hukumu hiyo haikutofautisha nyumba ya rafiki na nyumba ya ndugu. Mtoto wangu mkubwa mwenye nyumba yake, nami nikienda kwake hupiga hodi. Je, nikipita dirishani kwa kuwa ni mwanangu, watu watasemaje?

Tena tusome Hudaibiya. Mwaka wa 6 wa Hijra Mtume alitoka Madina pamoja na sahaba wapatao 1,400, wamehirimia Umra, wanaswaga wanyama wa kuchinja. Ni nani aliyekuwa na haki zaidi kuliko yeye ya kuingia Makka? Alizaliwa pale, na nyumba ile ilijengwa na baba zake Ibrahim na Ismail. Maquraishi wakamzuia. Yeye akamtuma Sayyidna Uthman kwenda kuzungumza nao, akakubali kukaa na mjumbe wao Suhail bin Amr, na karatasi ikaandikwa. Suhail alipokataa jina la utume lisiandikwe, likafutwa. Sharti likawa warudi mwaka ule, waje mwaka wa pili kwa siku tatu. Sahaba waliona uzito mkubwa, hata Sayyidna Umar akauliza maswali ambayo baadaye aliyajutia. Lakini Mtume alichinja pale pale, akanyoa, akarudi.

Mwaka wa 7 walikwenda. Zilipotimia siku tatu, Maquraishi wakaja kusema muda umekwisha. Mtume alikuwa amemwoa Bibi Maimuna, akapenda awafanyie walima pale Makka, nao wakakataa. Hakudai hata siku moja ya nyongeza. Akatoka, na arusi ikawa Sarif, nje ya mji. Ikiwa hivyo ndivyo alivyoitimiza ahadi na watu waliompiga vita, itakuwaje kwa jirani yetu ambaye hatuna naye vita? Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameandika mlango mzima juu ya amani anayopewa mgeni: akiingia kwa amani ya watu, haimjuzii kuwafanyia hiana. Muhuri unaopigwa katika pasi yako, pamoja na idadi ya siku zilizoandikwa, ndiyo amani hiyo kwa sura ya zama hizi.

Haya yote, ndugu msomaji, nilikuwa nikiyajua na kuyasomesha. Sasa sikiliza niliyoyafanya.

Nilikuwa na dada yangu mkubwa aliyeolewa Mombasa, Mji wa Kale, tangu 1973. Mwezi wa Februari 1977 serikali yetu ilipoufunga mpaka na Kenya, Jumuiya ya zamani ikiwa inavunjika, mama yetu alikaa pasipo kumwona binti yake mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba. Nakumbuka mama akitandika mkeka barazani na kuuliza wapita njia kama yupo aliyesikia habari ya mpaka. Kwa hiyo nyumba yetu sisi twajua thamani ya mlango ulio wazi.

Miaka michache iliyopita, usiku wa kuamkia Jumamosi, tulipigiwa simu kwamba dada ni mgonjwa sana na anataka kuniona. Mpwa wangu, mfanyabiashara wa hapa Kariakoo, akasema atanipeleka kwa gari lake. Alikuwa na mazoea ya safari hizo, karatasi zake zote zilikuwa tayari ndani ya bahasha. Akaniuliza: "Mjomba, pasi yako ipo?" Nikasema ipo. Alfajiri akaniuliza tena, na tulipokuwa tukipakia mizigo akaniuliza mara ya tatu: "Umeitazama tarehe?" Nikamjibu kwa ukali kwamba pasi ile ndiyo niliyohijia, na kwamba mimi ni mtu mzima. Sikuifungua.

Tukashika njia ya Bagamoyo na Msata, tukatokea Segera, tukasali Adhuhuri Tanga. Kutoka Tanga mpaka Horohoro ni kilomita 65 za lami. Pale dirishani afisa kijana alinipa shikamoo, akafungua pasi yangu, akaitazama, kisha akanigeuzia nione mwenyewe. Ilikuwa imekwisha muda tangu miezi minne. Akasema kwa adabu: "Mzee, siwezi kukupitisha. Rudi Tanga, ofisi ikifunguliwa Jumatatu waombe hati ya dharura ya safari." Na ile ilikuwa Jumamosi alasiri.

Tukatoka nje, tukakaa katika kibanda cha chai. Hapo akaja kijana wa bodaboda, kwa kuwa watu kama sisi hawamfichiki. Akasema mpwa wangu apite na gari lake kwa halali, na mimi atanipitisha porini, tukutane Lunga Lunga. Fedha aliyotaka haikufika hata bei ya nauli ya kurudi Tanga. Mpwa wangu akasema: "Mjomba, nitafanya utakalo." Nami, wallahi, nilisimama, nikakunja kanzu yangu nipande.

Kijana yule akageuka akaniambia: "Shekhe, ukikutana na mtu akikuuliza, wewe sema ni mwenyeji wa Vanga, umezaliwa pale." Alisema kwa wema tu, kama mtu amwelekezaye mgeni njia. Lakini nilihisi kama maji ya baridi yamemwagwa kichwani. Ulimi huu miaka thelathini na zaidi unawasomesha watoto herufi za Qur'ani na kuwakataza uongo, nao sasa unafundishwa uongo wa kusema, na wenyewe uko tayari. Nikashusha kanzu. Nikamwambia mpwa wangu aende yeye, amfikishie dada dawa na salamu, na amweleze ukweli. Mimi nikarudi Tanga kwa basi dogo.

Jumatatu niliingia ofisini wakati milango inafunguliwa, na kabla ya Adhuhuri nilikuwa na hati mkononi. Lakini usiku wa Jumapili dada yangu alikuwa amekwisha fariki, na maiti haingojeshwi. Nilipokuwa njiani walimsalia. Nilivuka feri ya Likoni wakati wa Magharibi, nikafika kwenye matanga. Asubuhi yake nilipelekwa kaburini. Mpwa wangu aliniambia kwamba dada aliuliza mara mbili kama nimekuja, kisha hakuuliza tena.

Pengine utaniuliza: je, hujuti kwamba hukupita porini? Nimejiuliza mimi mwenyewe nyakati za usiku. Kwa kurudi sijuti, na namwomba Mola anikubalie. Ninalolijutia ni kwamba pasi ilikuwa sandukuni kwangu Kariakoo miezi minne, na kuifungua na kusoma tarehe ni kazi ya muda wa kunywa maji. Niliulizwa mara tatu, nikaona kuulizwa ni kudharauliwa. Nilitaka heshima ya kilemba changu iwe pasi. Aliyeninyima kumwona dada yangu si afisa wala si mpaka. Ni kiburi changu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usingoje dirisha la mpakani likuambie habari za sanduku lako. Ukiwa na safari ya kuvuka kwa gari, kaa na watu wako wiki kadhaa mbele na mtazame haya. Kila mtu awe na pasi iliyo hai, na watoto pia. Sisi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatudaiwi viza kuingia Kenya, lakini muhuri ni lazima upigwe, na siku ulizopewa uzihesabu. Na kuingia kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliafikiana raia wao wavuke kwa kitambulisho tu, lakini Tanzania haimo katika hilo, basi usidanganyike na uyasikiayo.

Gari nalo lina hodi yake. Chukua kadi yake ya asili ya usajili, na kama si lako, uwe na barua ya mwenyewe. Forodhani huandikiwa kibali cha kuingia kwa muda, na gari litoke kabla muda wake haujaisha. Bima ya nyumbani haivuki mpaka. Kuna kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo Tanzania imo katika mpango wake. Usiichanganye na ile kadi nyingine ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo ni vyema uwe nayo. Ya kwanza ni ya gari, ya pili ni ya mwili wako.

Na kama katika gari yupo jamaa aliyekuja kututembelea kutoka London kwa pasi ya Uingereza, hukumu yake si yako. Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza na badala yake mgeni wa namna hiyo huomba idhini ya safari kwa mtandao kabla hajaondoka. Aombe akiwa bado nyumbani, na aulize pia kama viza yake ya Tanzania itamrudisha.

Kijana wa Mtaa wa Congo alirudi baada ya siku mbili. Nilimsimulia niliyokusimulia wewe. Alinyamaza, kisha akasema harusi itamkuta mkewe yuko Dar es Salaam, kwani hawezi kuwahi. Nikamwambia harusi nyingine zitakuja, Inshallah, na asubuhi aende kushughulikia pasi. Yeye alikuwa na harusi, na mimi nilikuwa na mgonjwa. Mwenyezi Mungu alimpa kosa jepesi kuliko langu.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia, na dada yangu miongoni mwao. Tujaalie tuwe watu wa kubisha hodi katika milango ya waja Wako, na siku tutakapofika katika mlango Wako, utufungulie. Amin.

Wabillahi tawfiq.