Nani Agharimie Akiba ya Umeme?

Katika mji wa Seattle, ulioko pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, ambako baadhi yetu tuliozaliwa mwambao wa Afrika Mashariki tumejaaliwa kupata riziki na makazi, umeme si mali ya kampuni ya matajiri wala ya serikali kuu, bali ni mali ya mji wenyewe. Wananchi wake waliuridhia kwa kura, mwaka 1902, mkopo wa kujenga bwawa katika mto Cedar. Taa za barabarani zikawaka kwa umeme wao mwaka 1905. Na idara inayousimamia hadi leo, Seattle City Light, ikaundwa mwaka 1910. Naanza na nasaba hii kwa kuwa asiyeijua hataifahamu ajabu inayomkabili kila mgeni atokaye kwetu, nayo ni kwamba muuza umeme huyu hutoa fedha zake mwenyewe ili wateja wapunguze kuinunua bidhaa yake.

Tadbiri hiyo ilizaliwa na hofu. Katika miaka ya 1970 ilibashiriwa kuwa haja ya umeme katika jimbo la Washington itapanda mfululizo, na shirika la umma lililoitwa Washington Public Power Supply System, likiwa limekwisha kushika njia ya mitambo ya nyuklia, likazialika idara za umeme za miji na wilaya ziingie ubia katika mtambo wa 4 na wa 5. Seattle ikaagiza uchunguzi uliojulikana kwa jina la Energy 1990, ikalinganisha gharama ya kuzalisha umeme mpya na gharama ya kuuzuia uliopo usipotee bure, na mwaka 1976 baraza la mji likapiga kura ya kujitenga na ubia ule na kuichagua njia ya kubana matumizi. Mitambo ile miwili ilifutwa mwaka 1982 kabla ya kutoa hata cheche moja, na mwaka uliofuata shirika likashindwa kulipa hati za deni zenye thamani ya dola bilioni 2.25, ufilisi ambao mfano wake ulikuwa haujaonekana Marekani katika mikopo ya aina hiyo. Ndipo ilipothibiti hikima ya kuihesabu yuniti iliyookolewa sawa na yuniti iliyozalishwa, yaani kitu chenye bei yake, kinachostahili kununuliwa.

Ununuzi huo una milango kadha. Mwenye duka, kiwanda au ofisi anayebadili taa zake au mashine zake kuukuu hurejeshewa sehemu ya gharama. Mwenye nyumba wa kipato cha chini huiendea Ofisi ya Makazi ya mji, ambayo kwa programu iitwayo HomeWise hupeleka mkaguzi akapima nyufa zinazopitisha baridi, kisha mafundi wakaziziba na kujaza sufi ya kuhifadhi joto darini na kutani, na ujira wao ukalipwa na mji. Maskini hupunguziwa pia asilimia 60 ya bili ya umeme, walakini nafuu hiyo humpa pumzi ya mwezi huu tu, ilhali sufi ya darini humpunguzia haja yenyewe kwa miaka mingi. Fauka ya hayo pana amri: kwa sheria ya mwaka 2010, wenye majengo ya futi za mraba 20,000 au zaidi hulazimika kuarifu kila mwaka kiasi cha nishati wanachotumia, na hesabu hizo huwekwa wazi kwa umma.

Sasa tuvuke bahari, ndugu msomaji, twende Unguja. Atakayedhani kuwa tunahitaji kufundishwa kubana matumizi atakuwa ametudhulumu, maana mkaazi wa Seattle hupokea bili yake kila baada ya miezi miwili, na aghalabu hajui ni kitu gani nyumbani mwake kilichoila fedha ile, ilhali mama wa Mwembetanga au Jang'ombe, ambaye hununua umeme wa Tukuza, unaolipiwa kabla ya kutumiwa, kwa kadiri ya alichonacho mfukoni, anajua bila ya kuambiwa na mtu ni yuniti ngapi zinazokwenda na pasi, ngapi na friji, na ni taa ipi izimwe ili umeme ufike Ijumaa. Ilimu hiyo, ambayo mji wa Seattle huigharimia kwa vijitabu na wakaguzi, sisi tumepewa na mita iliyo ukutani.

Kilichotupungukia ni rasilimali. Mama yule anajua kuwa friji yake ya mtumba ni mlafi, lakini fedha za kununua mpya hana. Anajua kuwa bati lisilo na dari chini yake huigeuza nyumba kuwa tanuri zama za kaskazi, feni ikizunguka usiku kucha bila ya kuleta nafuu, lakini nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba haoni kwa nini atie dari ilhali umeme anaulipa mpangaji. Hapo ndipo ujuzi wa mtu mmoja unapogota, na mzigo unapohitaji mabega ya jamaa nzima.

Wako watakaouliza tuokoe umeme wa nini, maadamu bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Jawabu ni kwamba ukubwa wa kisima haumfai mwenye ndoo ndogo. Umeme wa Unguja kwa sehemu kubwa hutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari hadi Fumba, na waya uliozinduliwa mwaka 2013, kwa fedha za msaada wa Marekani, ni wa megawati 100. Tena kisiwa kimekwisha kuonja uchungu wa kutegemea njia nyembamba: mwaka 2008 kilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikarudi gizani kwa miezi mitatu, mabomba yakakauka kwa kukosa umeme wa kuvuta maji na mitaa ikajaa ngurumo za jenereta. Kila megawati inayookolewa katika hoteli za pwani, katika ofisi za serikali na katika vyumba vya barafu vya wafanyabiashara huahirisha siku ya kutafuta fedha za waya mwingine.

Watasema pia kuwa Seattle ni tajiri na sisi ni maskini. Ni kweli, walakini maskini ndiye asiyemudu israfu, na shirika letu la umeme, kama lile la Seattle, ni mali ya umma, hivyo halina mwenye hisa wa kumridhisha kwa kuuza yuniti nyingi. Jirani zetu wa Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, wameviamuru viwanda na majengo yanayotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka yakaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Nasi tungeweza kuanza na hoteli kubwa kwa amri ya namna hiyo.

Ama kwa nyumba ndogo, chombo cha kuzikopesha tunacho tayari. Tangu mwaka 2021, huko Bara, kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo kila mwananchi anaponunua umeme wa Luku, unaolipiwa kabla kama Tukuza yetu, na watu walinung'unika, kisha wakazoea. Mita inayoweza kukusanya kodi yaweza pia kukusanya marejesho ya mkopo: shirika litie dari au libadili friji kwa fedha zake, kisha lijilipe kwa sehemu ya yuniti zilizookolewa, na sehemu nyingine abaki nayo mwananchi, ili aone faida tangu mwezi wa kwanza. Mwenye nyumba hatakuwa na hoja ya kukataa dari asiyoilipia, mradi mkataba umzuie kupandisha kodi ya pango kwa sababu yake. Mpango huo hauhitaji bwawa jipya wala mfadhili kutoka ng'ambo. Unahitaji baraza litakalokubali kuiandika akiba ya mama yule katika daftari lile lile linaloandikwa mitambo na nyaya, na kuitengea fedha.