Kitenge Kisichokatwa

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, kazi za Krismasi zilikuwa zimenijaa mezani. Mafundi wenzangu wananielewa: mwezi huo kila mteja anataka gauni lake kabla ya tarehe 24, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Kibanda changu kilikuwa Katesh, upande lilikopita tope la Mlima Hanang asubuhi ile, likiwa limebeba mawe na magogo.

Uvumi ulizagaa haraka kwamba ni volkano. Wataalamu wakaja kutueleza kuwa sivyo: mvua zilizidi, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanywa maji hadi ikameguka. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 89. Mimi nilipoteza nyumba, mifugo michache na kibanda. Wanangu wote nilikuwa nao.

Kwa hiyo kila aliyenipa pole aliongeza, "Lakini wewe afadhali." Ni kweli, sikuwa na la kujibu. Ila ukishaambiwa afadhali, huna tena pa kulilia. Tulilala shuleni pamoja na wenzetu, nikapanga foleni ya unga, ya sabuni, ya blanketi. Nawashukuru wote waliotuletea, na walikuwa wengi. Lakini kwa mtu aliyezoea kufanya kazi, kupokea tu kutwa kucha kunachosha kuliko kulima. Usiku badala ya kulala nilikuwa nawapitia wateja kichwani: huyu ameshalipa nusu, yule sijamchukua kipimo cha bega, yule sijui yuko wapi.

Vijana waliokuwa wakifukua tope walikiona kichwa cha cherehani yangu, pamoja na viroba viwili vya vitambaa. Fundi mmoja wa cherehani alikifungua chote, akakiosha kwa mafuta ya taa na hakutaka hela. Vitambaa nilivifua mimi. Tope la mlima ule lina mchanga laini sana. Unafua, unasuuza, unaona maji yametakata, halafu sindano inakuambia bado.

Katika viroba vile kulikuwa na mabaki ya vitenge ya miaka, vipande vya sare za shule, na vitambaa vya wateja ambavyo sikuwa nimevigusa. Baadhi ya wenyewe walikuja kuvichukua. Wengine hawakuja, na kwa wawili nilijua kwa nini.

Katesh usiku ni baridi na upepo wake haubishi hodi, na blanketi jembamba halimtoshi mtoto anayelala sakafuni. Nikaanza kushona la viraka kwa yale mabaki. Nilikata kipande cha boksi kiwe kipimo, nikaunganisha miraba mstari kwa mstari, nikapiga pasi ya mkaa kila mstari, maana usipopiga pasi blanketi zima litapinda. Katikati niliweka blanketi la mtumba lililochakaa. Cherehani ya miguu hailipendi jambo hilo. Nilifunga sindano namba 18, na pembeni, kwenye unene, nikazungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu.

La kwanza nilimpa bibi mmoja tuliyelala naye darasa moja. Aliligeuza, akavuta mshono kwa kucha kama anayenunua mnadani, akasema, "Hapa umekaza uzi." Alikuwa na haki. Nilifurahi kuliko kama angenishukuru, kwani tangu Jumapili ile hakuna aliyekuwa ameniongelesha kama fundi.

Kazi iliyonishinda kwa muda ilikuwa kile kitenge cha mteja wangu mmoja, marehemu. Alikileta mwishoni mwa Novemba, cha bluu chenye maua ya njano, nimshonee gauni la sikukuu. Mtoto wake alichukuliwa na mama mdogo. Nilimpelekea kitenge, nikamwambia naweza kukitia kwenye blanketi la mtoto.

"Fundi, usikikate," akasema.

Kutengeneza la viraka bila kukata, hapo nilikaa nikifikiri. Mwishowe miraba yote niliitoa kwenye mabaki mengine, na kitenge kile nikakiweka kizima upande wa chini, unaogusa mwili. Kilibaki kirefu kidogo. Nikakikunja kuja juu na kukishona, kikawa ndio ukingo. Mtoto alikua nalo. Siku hizi linaishia magotini, na mama yake mdogo ameniuliza kama linaweza kuongezwa. Linaweza, vipande bado ninavyo.

Januari shule zilipofunguliwa nilikuwa nimepata kona ya kibaraza cha jirani, na oda za sare zikaanza kuingia. Nilitaja bei yangu ya siku zote. Mama mmoja akaguna, akasema kwa janga lililotupata nilipaswa kupunguza. Nikamwambia uzi haujui janga, alete hela.