Hodi ya Jikoni

Miaka mingi nilitazama vichekesho vya Kimarekani vya Everybody Loves Raymond, vilivyorushwa na CBS tangu 1996 hadi 2005, nikicheka peke yangu. Mke wangu alikaa kando akichambua mchele, wala hakucheka.

Raymond Barone, mwandishi wa habari za michezo, anaishi Long Island, New York, na mkewe Debra na watoto watatu. Ng'ambo ya barabara wanakaa wazazi wake, Frank na Marie. Marie haijui hodi. Mlango haujafunguka sawasawa, amekwisha fika jikoni, amefunua sufuria, ameonja, amekunja uso. Siku alipoombwa amfundishe Debra kupika vitonge vyake vya nyama, alikubali kwa tabasamu, kumbe amebandika jina lisilo lake kwenye chupa ya kiungo ili mapishi ya mkaza mwanawe yaharibike.

Nilijisifia lugha yangu. Waingereza humwita mavyaa mama wa kisheria, kana kwamba undugu huo ulifungwa mahakamani. Sisi tuna mavyaa, wifi, shemeji, kila mmoja na adabu yake. Na tuna hodi. Ni neno dogo lenye ukuta ndani yake: hupigwa mara tatu, na mwenye nyumba asipoitikia, mgeni hurudi alikotoka bila kinyongo.

Mama yangu alipiga hodi daima, tena kwa sauti nzuri. Ila aliipiga mlangoni tu. Jikoni alihamisha chumvi, akafunua vyungu, akamuuliza mke wangu mbele ya wageni mbona mwanawe amekonda. Nami niliyezoea kupima mizani nilitania, au nilinyamaza, kama Raymond anavyojificha nyuma ya televisheni yake.

Jioni moja Marie aliingia na sahani yake, nikaangua kicheko. Mke wangu akaweka ungo chini.

"Baba watoto, wamcheka nani?"

Sikulala vizuri. Kesho yake nilimngoja mama barazani, nikamwambia kuwa jiko nalo lina mwenyewe. Alinitazama kitambo, akauliza nimefundishwa na nani maneno hayo. Nikasema ni yangu.

Hakuja kwa wiki mbili. Aliporudi alisimama kwenye kizingiti cha jiko, akagonga mwimo kwa kidole kimoja, akangoja. Mke wangu alikawia kuitikia. Nadhani alikuwa akiisikiliza ile hodi.