Mfiwa Naye Huhitaji Kuhitajiwa

Msiba una msimu wake wa watu. Siku za mwanzo nyumba hujaa hadi barazani: huyu ameleta mchele, yule ameleta mkaa, wengine wanakuna nazi uani. Kisha mikeka hukunjwa, masufuria ya kuazima hurejeshwa kwa wenyewe, na mjane hubaki na eda yake, miezi minne na siku kumi. Hata wakati huo bado wapo wanaobisha hodi. Kipindi kigumu zaidi, kwa niliyoyaona, ni kile kinachofuata, pale eda inapokwisha na watu wakadhani kwamba huzuni nayo imekwisha siku hiyohiyo.

Shoga yetu mmoja, tuliyesoma naye madrasa hapa Magomeni, Dar es Salaam, alifiwa na mumewe baada ya ndoa ya miaka 28. Tuliobaki karibu naye tangu utotoni ni watatu: mmoja muuguzi, mmoja fundi cherehani, na mimi ninayesomesha shule ya msingi. Alipotoka eda tulipatana kwamba kila Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, twende tukakae naye. Tulikwenda. Tulimwombea subira, akaitikia amina, kisha maneno yakakauka. Kila aliyeingia nyumbani mle, mkubwa kwa mdogo, alimzuia asinyanyuke. "Kaa, dada, pumzika." Naye alikaa, mikono imelala mapajani, mikono ile iliyokuwa ikipikia maharusi mtaa mzima.

Mwanawe wa mwisho, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa na mashine ya michezo ya video iliyounganishwa na televisheni ya sebuleni. Jumamosi moja mama yake alimwamuru aizime kwa heshima ya wageni. Kijana akajibu kwa adabu, "Naizima, mama. Lakini huu ni mchezo wa kupika, na raha yake ni watu wanne. Mimi nacheza peke yangu." Fundi cherehani, ambaye hapitwi na mzaha, akanyoosha mkono. "Kupika? Hebu tuonyeshe, mwanangu, tukuone unavyotuharibia vitunguu."

Mchezo huo unaitwa Overcooked. Ulitolewa mwaka 2016 na studio ndogo ya Cambridge, Uingereza, iitwayo Ghost Town Games, iliyoanzishwa na watu wawili, Phil Duncan na Oli De-Vine. Mwaka uliofuata ulipata tuzo mbili za BAFTA, moja ikiwa ya mchezo bora wa familia. Kisa chake ni cha kuchekesha: Mfalme Kitunguu anauona ufalme wake ukivamiwa na dubwana la tambi lisiloshiba, na wapishi wake hawaliwezi, basi anawarudisha nyuma hadi mwaka 1993 wakajifunze kupika pamoja.

Kazi yenyewe huonekana nyepesi. Oda hujitokeza kwenye kioo: supu ya vitunguu. Vitunguu vitatu vichukuliwe, vikatwe kimoja kimoja kibaoni, vitiwe chunguni, viive, vipakuliwe, vipelekwe kwenye dirisha la kutolea chakula. Mbele ya safari sahani hurudi chafu, nazo zataka kuoshwa. Chungu kikisahauliwa huungua, kisha hushika moto, na moto husambaa mpaka mtu akimbilie mtungi wa kuuzimia. Muda ni dakika chache tu, na mwisho wake timu hupewa nyota, kuanzia patupu hadi tatu.

Vidhibiti, yaani vile vidude vya mkononi vyenye vitufe, vilikuwa viwili tu. Kijana akatuambia kwamba mchezo huu huruhusu watu wawili kushika kidhibiti kimoja, kila mmoja upande wake. Hivyo tukakaa mkekani wawili wawili, bega kwa bega, na mjane wetu akajikuta ameshika nusu ya kidhibiti pamoja na muuguzi. Hakuulizwa kama yuko tayari. Nusu ile ilihitaji mkono, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wake.

Wanawake wanne waliowahi kupika pilau la watu mia tatu walimaliza mzunguko wa kwanza bila nyota hata moja. Wawili walikata vitunguu, hakuna aliyetazama chungu. Wawili wakaenda kwenye sahani, wakazibana njia. Kila mmoja alijua kupika na kila mmoja aliamuru. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chetu siku ile kilizama kikiwa bado bandarini. Muuguzi alikasirika kweli, na mimi sikuona utamu wowote: macho yaliuma, vidole havikutii, na saa ile ya kwenye kioo ilikuwa kama inatukejeli. Tukasema basi, imetosha. Aliyesema "hebu tena" alikuwa mjane.

Majuma matatu tulikwama kwenye hatua za mwanzo. Kilichotukwamua kilitoka wodini. Muuguzi alitueleza kwamba katika kazi yake mtu akipewa agizo la dawa kwa mdomo hulirudia kwa sauti, ili aliyeagiza ajue kwamba limesikika sawa. Tukaanza kufanya hivyo. "Nataka sahani." "Sahani inakuja." "Chungu cha pili tayari." "Nimesikia, napakua." Ghafla jiko lililokuwa vurugu likawa na mwendo. Tukagundua pia kwamba mwenye vidole vizito kuliko wote, ambaye ni mimi, ndiye afaaye kutazama vyungu na kuhesabu oda, na mwenye vidole vyepesi akimbie. Hakuna kazi iliyokuwa duni, kwa kuwa asipokuwapo wa kuosha sahani, aliyepika vizuri anasimama na chungu chake mpaka kiungue.

Kisha tukafika kwenye hatua ya malori. Jiko limegawanywa juu ya malori yanayokwenda barabarani. Mara yanakaribiana, mara yanaachana, na vinavyohitajika upande mmoja viko upande wa pili. Malori yakiachana, kila mtu amekwama alipo na huwezi kumsaidia mwenzako isipokuwa kwa kumwambia unachohitaji. Mjane wetu alibaki peke yake upande mmoja. Muuguzi akanyamaza, fundi akanyamaza. Mara tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msiba: "Nyinyi mnangoja nini huko? Kateni! Yakikaribiana nataka vyote viwe mezani!" Ilikuwa ile sauti yake ya jikoni ya miaka yote, ya kuamrisha wakunaji nazi na kuwafukuza watoto wanaodokoa nyama. Tukakata. Malori yakakaribiana. Tukapata nyota mbili, na shangwe tuliyopiga ilimleta jirani mlangoni kuuliza kulikoni.

Mzunguko uliofuata chungu kikaungua, moto ukawaka, nasi tukacheka hata mtungi wa kuzimia hatukuuona ulipo. Akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akasema, "Marehemu angeila hivyohivyo hii supu. Ukoko wa pilau alikuwa akigombea na watoto." Sebule ikatulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mumewe pasipo mtu kumwuliza. Akaendelea, akasimulia kisa kimoja na kingine, mpaka adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa. Machozi yalibadilika katikati ya hadithi, yakawa machozi mengine, naye hakuyaficha.

Najua, ndugu msomaji, kwamba wapo watakaouliza watu wazima wana nini na michezo ya video. Swali ni la haki. Ipo michezo isiyofaa kuingia nyumbani, na hata iliyo safi hula saa za mtu kama mchwa ulavyo mlango, polepole na kimya. Kwetu mpaka ni mmoja: baina ya Alasiri na Magharibi, Jumamosi tu, na adhana ikianza kitufe kimoja husimamisha kila kitu, hata kama nyota ya tatu iko mbioni. Kijana wa nyumba naye amejifunza mpaka huo kwa kutuona tukiushika.

Sasa nimeupenda mchezo ule, na sababu ninaijua. Ugumu wake haumwachii mtu nafasi ya kuonewa huruma. Malori hayajui nani amefiwa. Sahani zataka kuoshwa, na mwenzako akikuita, anakuita kwa kuwa bila wewe jambo haliendi. Mfiwa huambiwa "pole" mara elfu, na kila pole ni sadaka njema, lakini pole humweka upande wa kupokea. Ukiwa wa kupokea tu kwa miezi sita, waweza kusahau kwamba una kitu cha kutoa.

Si lazima iwe televisheni. Ukienda kumtazama aliyefiwa, na maneno yakikwisha, usiharakishe kuaga. Chukua ungo mchambue mchele pamoja. Mpelekee nguo umwombe akufundishe lile pindo analolijua yeye. Muulize kipimo chake cha viungo vya pilau, kisha ukikosee mbele yake kwa makusudi, umwone anavyoinuka.