Pori halikuhama

Ndugu wasikilizaji, na zaidi ninyi jamaa mliohamia pande za Kinsevere na kuacha mashamba yenu nyuma, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya makala. Ni habari ya munkoyo wa mama mkubwa wangu, ambaye naye alihama.

Kwake hii ni kazi ya jamaa yote. Watoto wanachota maji, baba mkubwa anaponda mizizi, yeye mwenyewe anapika uji wa mahindi, mzito. Kisha anangoja. Uji ukiwa wa moto sana, anasema, unaua nguvu ya mzizi. Ukipoa kabisa, mzizi unalala. Anaupima kwa kidole. Hapo anatia mizizi iliyopondwa mpaka ikawa nyuzi, anakoroga, na baada ya muda uji unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi na mtamu bila hata kijiko cha sukari. Ni mzizi ndio unaogeuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Anachuja, anauacha ulale. Kesho yake hata watoto wanakunywa. Siku ya tatu umekuwa mchachu, na wazee wanapita kuuliza kama kuna uliobaki. (Lutuku hapiki. Anasema ile inavunja nyumba.)

Kule Dodoma, Tanzania, watu wa divai wanapanda mizabibu yao na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Munkoyo kwetu haupandwi. Unaota wenyewe katika pori la miombo, na pori hilo tunalikata kwa ajili ya makala, kila mwaka mbali zaidi. Zamani mama mkubwa alikwenda kuchimba asubuhi na kurudi kabla jua halijawa kali. Sasa ananunua fungu sokoni Lubumbashi, safari ya kilomita 30 hivi, na hajui limechimbwa wapi. Hilo linamsumbua kuliko bei, maana kuna mizizi inayofanana nayo ambayo inadhuru mtu.

Mwaka jana, kabla ya mvua, nilimkuta anafukia kipande cha mzizi nyuma ya jiko. Nilicheka.

“Cheka tu, mwanangu,” akaniambia. “Tulihama na sufuria, tukahama na kibuyu. Pori halikuhama.”

Mvua zilipoanza kilitoa majani mawili. Amekizungushia matofali ili mbuzi wasikifikie, na amekataza mtu yeyote kuchimba kuangalia.