Jua la Dagaa, Mvua ya Mtama



Wapendwa wasomaji, sisi tunaowaandikia ni mafrateri watatu wa mkoa wa Mara. Mmoja ni mtoto wa Musoma mjini, wa pili anatoka Bunda, upande wa Hunyari, na wa tatu ni Mzanaki wa Butiama. Kabla ya kufunga kwa likizo ndefu ya mwezi wa sita, Baba wa kiroho alimpa kila mmoja wetu daftari dogo na kazi moja. Kila usiku kabla ya kulala tuandike kitu kimoja cha kumshukuru Mungu. Masharti yalikuwa mawili: kiwe cha siku hiyo hiyo, na kiwe kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Maneno "uhai", "afya" na "neema" aliyapiga marufuku. Alisema hayo tunayatamka kwa mazoea, kama mtu anayejibu "nzuri" kabla hajaisikia salamu.

Kazi yenyewe si ngeni katika Kanisa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, anapofundisha namna ya kutafiti dhamiri, haanzi na dhambi. Anaanza na shukrani kwa mema yaliyopokelewa, halafu ndipo anapofika kwenye makosa. Wengi tunaanza na makosa, na usingizi unatukuta tukiwa bado humo humo. Hata Sadaka tunayoadhimisha kila siku inabeba jina hilo, kwani Ekaristi kwa Kigiriki ni shukrani. Na neno letu la kila siku, asante, tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni "umetenda vema". Tunalipenda kwa sababu hiyo. Huwezi kumwambia mtu ametenda vema kama hujui alichokitenda. Ni lazima kwanza umtazame.

Mwenzetu wa Musoma alikuwa na bahati mbaya ya kuanza daftari lake wakati wa mbalamwezi. Wasomaji wa bara wasiolijua ziwa tuwaeleze kidogo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Dagaa huufuata mwanga na kukusanyika, na hapo wavu hushushwa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina nguvu tena, na mitumbwi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Mwalo unakuwa kimya. Kwa familia inayoishi kwa dagaa, siku hizo ni za kununua unga kwa mkopo. Shangazi yake, anayeanika dagaa na kuuza kwa ndoo, alikuwa hana cha kuanika. Basi daftari la juma lile la kwanza lina maneno haya: "Nyavu zimeshonwa." Siku ya pili: "Wamemaliza kuziba mtumbwi, hauvuji." Siku ya tatu: "Duka la jirani limetoa unga bila kuuliza lini tutalipa." Mambo ya watu waliokwama, lakini kila moja unaweza kulionyesha kwa kidole.

Mwezi ulipofifia kazi ilirudi. Mitumbwi inaingia alfajiri, akina mama wanaingia majini hadi magotini na ndoo zao, bei inapatikana kwa kelele, halafu dagaa wanatandazwa. Wanaoanikwa kwenye vichanja hubaki safi na huuzwa kwa bei nzuri. Wanaoanikwa mchangani huwa na mchanga, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Jua likiwa kali, wa asubuhi wanaweza kuwa wamekauka jioni. Mvua ikinyesha juu yao wanaoza, na hasara ni ya aliyenunua, si ya mvuvi. Ndiyo maana shangazi hutazama mawingu kuliko mtabiri yeyote wa hali ya hewa. Mwenzetu ameandika "jua" mara kumi na moja, na Baba wa kiroho hakumkemea kwa kurudia. Jua la Musoma huonyeshwa kwa kidole bila shida yoyote.

Sasa tufike Bunda, ambako kazi hii ilitaka kuvunjika.

Hunyari iko mashariki ya wilaya, inapakana na Pori la Akiba la Grumeti. Tembo hawajui mpaka. Mtama na mahindi vinapokauka shambani, wanatoka usiku kwa makundi na kula kazi ya miezi mitano. Wanakijiji wana mbinu zao: tochi zenye mwanga mkali, madebe ya kupiga, na wengine huchanganya kinyesi cha tembo na pilipili, wakakichoma ili moshi uwakere. Mbinu husaidia usiku mmoja na kushindwa usiku mwingine, kwa sababu tembo naye anajifunza. Mwezi wa saba, siku mbili kabla ya kuvuna, waliingia katika shamba la mama wa mwenzetu. Ekari moja na nusu. Lile shamba ndilo lilikuwa ada ya mdogo wake aliyetakiwa kwenda kidato cha tano, na ndilo lilikuwa ugali wa nyumba hadi mwaka unaofuata.

Usiku ule mwenzetu hakuandika chochote. Wala uliofuata. Alitutumia ujumbe mfupi: "Hili daftari nalirudisha. Siwezi kuandika uongo."

Sisi wawili tulipanda basi tukaenda. Tulikuta shamba limelala kama lililopitiwa na trekta. Kwa kweli tuliogopa kufika, maana frateri akiingia nyumba yenye msiba watu husubiri aseme neno, na neno la karibu zaidi mdomoni lilikuwa lile la Mtume Paulo kwa Wathesalonike juu ya kushukuru. Hatukulisema. Alikuwa amekwisha kulisema mtu mwingine katika sala ya jumuiya siku moja kabla, na mama alikuwa bado amelikasirikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, kaeni. Na nyinyi mmekuja kuniambia nimshukuru Mungu kwa tembo?"

Tukasema hapana.

"Afadhali. Mimi sijamshukuru kwa tembo na sitamshukuru. Nimemshukuru kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara. Ana mimba ya miezi minane, akatoka usiku na debe lake, akapiga mpaka asubuhi. Shamba lake halikuguswa. Alikuja kupigia la kwangu."

Halafu akamgeukia mwanawe. "Na wewe, baba, umeacha kuandika kwa sababu gani? Debe hukulisikia?"

Jioni ile tulibishana sana sisi watatu. Kwa Kigiriki chetu kidogo cha darasani, Paulo pale hasemi tushukuru kwa ajili ya kila kitu. Anasema tushukuru tukiwa ndani ya kila hali. Tunajua mwalimu wetu wa Maandiko atatukumbusha kwamba Waraka kwa Waefeso, sura ya tano, una lugha nyingine, na mjadala huo tunamwachia yeye. Lakini mama yule, ambaye hakusoma Kigiriki, alikuwa ameshatenganisha vitu viwili: tembo na debe. Kimoja ni hasara na kinaitwa hasara. Kingine ni wema na kinaitwa wema.

Na kushukuru hakukumzuia kudai. Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji kabla yetu hatujanywa chai. Kwa kanuni za mwaka 2011, mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali anaweza kulipwa na serikali, ingawa malipo hayo hayaitwi fidia. Yanaitwa kifuta jasho, na pale mtu anapouawa au kujeruhiwa, kifuta machozi. Majina hayo yanasema ukweli wake yenyewe, kwamba fedha hiyo haikusudiwi kulingana na gunia lililopotea. Mama alitaka shamba lipimwe, fomu ijazwe, jina lake liandikwe sawasawa. Tuliona hilo ni jema na tunalisema wazi hapa, kwa sababu kuna mahubiri ya shukrani yanayotolewa na watu walioshiba kwa watu wenye njaa ili wanyamaze. Sisi tunakula mara tatu kwa siku seminarini. Inatupasa kuwa waangalifu na neno hili.

Mwenzetu alilirudia daftari. Kwenye ukurasa wa siku ile ya tembo, ambao ulikuwa mtupu, aliandika neno moja: "Debe."

Butiama tutaisema kwa kifupi, kwa kuwa wengi mmefika Mwitongo kusali kwenye kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, Mtumishi wa Mungu, ambaye mchakato wake ulifunguliwa na Jimbo la Musoma. Watalii huuliza habari za siasa. Wazee wa pale hupenda kuanza na mvua. Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 siku ya mvua, na ndiyo sababu akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Jina la Julius alilipata miaka ishirini na moja baadaye, alipobatizwa. Wachache wanajua kwamba uzeeni aligeuza Injili zote nne kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Mwenzetu wa Butiama alitusomea sehemu ya Luka yenye wakoma kumi, tukiwa tumekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yao. Tulicheka kwamba yule mmoja aliyerudi kushukuru hata hakuwa mtu wa kwao, alikuwa Msamaria. Wale tisa pengine walikuwa na haraka ya kuwahi nyumbani. Nani angewalaumu? Walikuwa hawajakumbatia watoto wao kwa miaka. Lakini mmoja alitazama nyuma.

Tarehe moja ya mwishoni mwa mwezi wa tisa ilitupa tabu ya aina yake. Tulikuwa kila mtu kwao, tukijiandaa kurudi. Mchana mvua ya kwanza ya vuli ilishuka, nzito, kutoka ziwani. Tuliporudi seminarini tukaweka madaftari matatu juu ya meza na kufungua tarehe ile ile.

Butiama: "Mvua! Baba ametoka nje bila kofia." Walikuwa wamepanda mtama kwenye udongo mkavu, wakisubiri.

Musoma: "Turubai la jirani." Dagaa wa shangazi walikuwa kwenye vichanja, ndoo saba. Turubai lilifunika nne. Tatu zilikwenda kwa kuku.

Mwenzetu wa Butiama alitaka kufuta ukurasa wake kwa aibu, akisema ameshangilia hasara ya mwenzake. Wa Musoma akamkataza. Alisema shangazi mwenyewe ana ndugu wanaolima, na unga anaokula hautoki ziwani. Na zaidi ya hayo, akasema, ukianza kufuta kila shukrani iliyomgharimu mtu mwingine kitu, hakuna ukurasa utakaobaki katika madaftari haya yote matatu. Hatuna hakika kama hilo ni jibu kamili. Tumelibeba hadi kwenye mafungo ya mwaka huu.

Daftari la Bunda, tarehe hiyo hiyo, lilikuwa na mistari miwili: "Mbegu za muhogo, mafungu sita, kutoka kwa mama wa debe. Amejifungua, mtoto wa kike." Walikuwa wamezipanda siku tatu kabla ya mvua kushuka, mahali pale pale tembo walipopita.

Ada ya kidato cha tano bado haijatimia. Parokia imechanga sehemu, na mdogo wake ameripoti shuleni kwa barua ya kuomba muda.

Baba wa kiroho alisoma kurasa zile tatu taratibu, miwani ikiwa puani. Hakutoa mafundisho. Aliuliza shangazi aliuza zile ndoo nne kwa shilingi ngapi, tukamwambia. Halafu akamtazama mwenzetu wa Bunda.

"Na muhogo? Umeshika?"

"Umeshika, Baba."