Taa ya Injini na Kosa la Mwanafunzi

Kupima kabla ya kutibu ni kanuni ambayo kila tabibu huifahamu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo humwongoza pia fundi wa magari anayeijua kazi yake, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayo mengi ya kujifunza kwa fundi huyo. Hatutaki kuwageuza wanachuo wetu kuwa mafundi wa magari. Tunataka watazame namna dalili inavyosomwa, kwa sababu kila siku ya kazi yao watakuwa wakisoma dalili.

Magari mengi madogo yapitayo katika barabara za Moshi yalitumika kwanza Japani. Gari la namna hiyo, hata likiwa la miaka ya 1990, lina kompyuta ndogo inayoamua injini ipewe petroli kiasi gani. Kompyuta haioni wala haigusi. Hutegemea sensa, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto la maji, hewa inayoingia, na oksijeni iliyobaki katika moshi. Habari zikikosa kufika, au zikifika zisizowezekana, kompyuta huwasha taa ya injini na kuhifadhi namba ya hitilafu. Nchini Marekani sheria iliyataka magari madogo yote, kuanzia yale ya mwaka 1996, yafuate utaratibu mmoja wa namba hizo. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Katika Toyota nyingi za wakati huo fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu mimweko ya taa. Mimweko miwili, kituo kifupi, kisha miwili tena, ni namba 22. Namba hiyo inahusu sensa ya joto la maji.

Namba 22 ndiyo iliyotupata sisi. Wakufunzi wachache tunamiliki kwa pamoja Toyota kuukuu, ambayo hutuchukua kwenda kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Katika asubuhi za baridi za mwezi Julai ilikuwa vigumu kuwaka, na taa ya injini haikuzimika. Gereji moja ya mjini ilihesabu mimweko, ikatushauri tununue sensa mpya, na ikiwa hiyo haitatosha, tununue na kompyuta. Bei ya vitu hivyo viwili ilizidi mshahara wa mwezi wa mmoja wetu. Tulishukuru, tukaondoka, tukampelekea gari fundi mmoja wa Chekereni afanyaye kazi chini ya mti, kando ya barabara iendayo kwenye mashamba ya mpunga.

Fundi huyo naye alihesabu mimweko na kupata 22. Tofauti ilianzia hapo. Aliifungua sensa, akaitumbukiza ncha yake katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, akaiunganisha na mita ya umeme. Maji yalipokuwa na nyuzi 20 hivi, mita ilionyesha ukinzani wa omu zaidi kidogo ya 2,000. Aliyapasha maji moto juu ya jiko la mkaa. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo ukinzani ulivyoshuka, na kwenye nyuzi 80 ukawa omu 300 hivi. Ndivyo sensa nzima ya aina hiyo inavyotakiwa kuwa. Kisha akapima upande wa pili, kwenye plagi ya waya zinazotoka katika kompyuta. Swichi ikiwa wazi, hapo panatakiwa pawe na volti 5 hivi. Hapakuwa na kitu. Akaufuata waya kwa vidole hadi karibu na betri, akauchuna ganda, na ndani akakuta shaba iliyogeuka unga wa kijani. Habari ya joto haikuwa ikifika. Kompyuta, kwa kukosa habari, ilikuwa ikidhani kwamba maji yana nyuzi 80 wakati wote, na kwa hiyo asubuhi iliinyima injini baridi petroli ya ziada inayohitaji.

“Walimu wangu,” alituambia, “namba imetuonyesha mahali pa kutazama. Haikutuambia cha kununua.”

Aliunga kipande cha waya, akaifuta kumbukumbu ya kompyuta kwa kuchomoa fyuzi kwa muda, kisha akahesabu mimweko upya. Safari hii taa ilimweka mfululizo bila kituo, ishara kwamba hakuna namba iliyobaki. Kazi yake haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka alipopima mara ya pili.

Sasa tuingie darasani. Mwanafunzi wa Darasa la Tatu ameandika 52 – 27 = 35. Hiyo ni taa iliyowaka. Inatuonyesha mahali, yaani kutoa kwa kuchukua. Mwalimu mwenye haraka huweka alama ya kosa, huandika jibu 25, na kumpa mtoto hesabu ishirini za namna hiyo hiyo. Huko ni kubadilisha sensa bila kupima.

Jibu hilo moja huweza kuzaliwa na sababu mbili zilizo mbali sana. Mtoto wa kwanza ameona kwamba 2 haitoshi kutolewa 7, akageuza, akatoa 2 katika 7 na kupata 5. Kisha 5 toa 2 ni 3. Mtoto wa pili amechukua kumi, akatoa 7 katika 12 na kupata 5, lakini amesahau kwamba makumi yamebaki manne. Naye ameandika 3. Wa kwanza hajaelewa thamani ya nafasi. Wa pili ameielewa, bali hakumaliza hatua. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine, na 52 – 27 haiwezi kuwatenga.

Wape wote wawili 43 – 17. Anayegeuza ataandika 34. Anayesahau makumi ataandika 36. Swali moja lililochaguliwa vizuri limefanya kazi ya mita ya umeme. Fundi hutumia hila hiyo hiyo katika magari yenye utaratibu mpya akikutana na namba P0171, yaani hewa imezidi petroli. Sababu yaweza kuwa hewa inayopenya penye ufa, au pampu dhaifu ya petroli. Hutazama kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza injini ikiunguruma polepole, kisha hutazama tena injini ikizungushwa kwa kasi. Nyongeza ikipungua kwa kasi, hutafuta ufa. Ikizidi, huishuku pampu.

Liko jambo la tatu, nalo ni kujua mahali kipimo kilipochukuliwa. Sensa ya kanieneo, injini ikiwa haijawashwa, husoma kanieneo ya hewa ya nje. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, husoma kilopaskali 101 hivi. Moshi, mita 800 hivi juu ya bahari, husoma 92 hivi, na gari likipanda Marangu kipimo hushuka zaidi. Fundi aliyezoea pwani akiiona 92 aweza kuitupa sensa isiyo na ila. Vivyo hivyo, mtoto wa Chekereni anayesinzia saa nne asubuhi huenda aliamka alfajiri kuamia ndege katika majaruba ya mpunga. Usingizi wake ni kipimo sahihi cha maisha yake. Mwalimu asiyeyajua maisha hayo atamwandika kuwa ni mzito.

Na hapa ndipo penye hasara kubwa. Sensa nzima ikitupwa, mwenye gari hupoteza fedha, na fedha hutafutwa tena. Mtoto akiitwa mzito mbele ya wenzake, hulibeba jina hilo mpaka mwisho wa shule ya msingi, na pengine maisha yake yote.

Wanachuo hutuuliza jinsi mwalimu mwenye watoto themanini atakavyopata nafasi ya kumpima kila mmoja. Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba hatakiwi kuwapima wote kila siku. Kwanza, ayapange madaftari kwa aina ya kosa, si kwa wingi wa alama. Pili, kwa kila fungu achague swali moja au mawili ya kutenga sababu. Tatu, amwambie mtoto aeleze kwa sauti alivyofanya, naye asimkatize. Nne, baada ya kufundisha upya, apime tena kwa hesabu nyingine. Kazi ya dakika kumi huokoa juma zima la mazoezi yasiyofaa.

Mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha muhula huu na aandike katika andalio lake, chini ya kila kosa atakalolikuta, sababu mbili zinazoweza kulizaa na swali moja la kuzitenga. Sisi tutakapokuja kukagua, hayo ndiyo tutakayoyatazama kwanza.